Vijiti vimejaa, kasi haipo: kisa cha nyumba moja ya Mji Mkongwe

Simu ilinikuta nakula. "Kijana wangu, njoo uitazame hii waifai, mimi imeshanishinda." Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa hapa Mji Mkongwe, Unguja, aliyenisomesha hesabu skuli ya msingi, na mpaka leo nikimwona najihisi kuna zoezi sijamaliza. Nikamwamkia, nikamuuliza tatizo ni nini hasa. Akasema tatizo lenyewe ameshalinunulia dawa mara mbili na halijapona.

Dawa ya kwanza ilikuwa kifurushi. Nyumba ilikuwa na faiba ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Binti yake anahudumia wateja wa kampuni ya nje, anafanyia kazi chumbani kwake ghorofani, na kila siku alikuwa analalamika kwamba mikutano ya video inaganda. Mwalimu akawapigia watoa huduma, wakamshauri apande hadi Mbps 50. Akapanda. Kilichobadilika ni bili tu. Dawa ya pili ilikuwa repita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea waifai na kuirusha mbele, aliyoinunua Darajani. Hiyo ilileta mabadiliko: vijiti vya waifai kwenye simu ya binti, vilivyokuwa viwili, vikajaa vyote. Kasi ikashuka zaidi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kula. Mtu akiniambia mtandao wake ni mzito, hajaniambia kitu. Akiniambia vijiti vimeongezeka na kasi imepungua, ameshanipa nusu ya jibu, ingawa siku ile sikujua kwamba nusu ya pili imejificha mahali pengine kabisa.

Nakiri kwamba kabla sijafika nilikuwa nimeshahukumu. Nyumba za kule nazijua. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Sakafu ya juu si mbao bali boriti zilizopangwa na kumwagiwa mawe na chokaa juu yake. Mawimbi ya waifai yakigonga ukuta kama huo yanatoka upande wa pili yakiwa hoi, na ukuta ukiwa umelowa masika yanatoka hoi zaidi, kwa sababu maji huyala mawimbi. Kwa hiyo njiani nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mita za waya. Ningeuza waya, ningelipwa, na tatizo kubwa la nyumba ile ningeliacha pale pale.

Nilifika saa kumi alasiri. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Vua viatu, kahawa inakuja, ruta iko nyuma ya hilo kabati." Akaleta daftari la mraba na kalamu. Kila namba nitakayoipata, aliniambia, ataiandika yeye, kwa sababu mafundi wawili waliotangulia hawakumwachia hata namba moja. Nikaona haya, maana mimi pia sina kawaida ya kuandika.

Tukaanza na waya. Nilizima waifai kwenye laptopu yangu, nikaichomeka moja kwa moja kwenye ruta, nikapima mara tatu: 47, 48, 47 za kushusha, na karibu 10 za kupandisha. Kifurushi cha 50 kinafika nyumbani bila shaka yoyote. Watoa huduma wakatoka kwenye orodha ya washukiwa ndani ya dakika tano. Nasema hivi kwa sababu tangu ile tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na nchi kadhaa za ukanda wetu kubaki zinasuasua kwa siku kadhaa, kila mtu mtandao wake ukizubaa anasema waya wa baharini umekatika tena. Mwalimu naye alishasema. Waya mfupi wa mita moja ulitosha kulifuta hilo.

Kisha nikachomoa waya, nikawasha waifai, nikabaki kwenye kiti kile kile. Kati yangu na ruta palikuwa na mita moja na nusu, kahawa, na sahani ya kashata. Nikapima: 19. Nikarudia: 20. Nikarudia tena: 19.

Mwalimu akaandika, akanitazama juu ya miwani. "Sasa hapo ukuta uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ila kilichonishughulisha zaidi ya udogo wa namba ile ni utulivu wake. Kama ingekuwa ni majirani kuingiliana na mtandao wako, namba ingecheza: 31, 12, 26, 8. Kama ni umbali, ukisogea hatua mbili ingepanda. Hii nilisogea mpaka nikawa karibu kuilalia ruta, na bado ilikuwa 19. Namba isiyotikisika ujue imegonga dari, na dari mara nyingi kuna mtu ameiweka.

Nikafungua maelezo ya muunganisho kwenye laptopu. Penye kasi ya kiungo pameandikwa 54.

Aliyefanya kazi hizi muda mrefu akiiona 54 anaitambua kama unavyotambua sauti ya gari la zamani kabla halijakata kona. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa ya kiwango cha waifai cha mwaka 2003, kile cha herufi g. Na 54 hiyo ni ya kwenye karatasi. Waifai ni mazungumzo ya zamu, chaneli moja husema mmoja tu na wengine wanasubiri, tena kila pakiti, yaani kila kifungu kidogo cha data, inataka ijibiwe kwamba imefika. Kwa hiyo katika 54 mtumiaji huambulia ishirini na kitu. Ruta ya Mwalimu haikuwa ya 2003. Ilikuwa mpya, ina masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na ilipaswa kuzungumza na laptopu yangu kwa mamia. Nani aliyeirudisha nyuma miaka ishirini?

Nikaingia kwenye kurasa za mipangilio, kwa bahati nywila ya msimamizi ilikuwa imebandikwa chini ya ruta. Penye usalama pamechaguliwa WPA, ulinzi wa zamani wa waifai, na usimbaji wake ni TKIP. Penye masafa ya GHz 5 pamezimwa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana jambo hili mafundi wengi hawalijui na wengine tunalisahau. TKIP ni njia ya kale ya kuficha data, ilibuniwa kuziokoa ruta za zamani baada ya usalama wa mwanzo, WEP, kuvunjwa. Kilipokuja kiwango cha n mwaka 2009, kiliwekewa sharti: kasi mpya hazitumiki pamoja na WEP wala TKIP. Ukichagua TKIP, vifaa vinarudi kwenye kasi za zamani, na mwisho wake ni 54. Hakuna onyo jekundu. Mtandao unashika, nywila inakubali, video ndogo zinacheza, na wewe unaendelea kulipia Mbps 50 huku unapokea 19. Ni kama kuongeza tangi la pili juu ya paa na bomba la kuteremsha maji umeliacha lile lile la nusu inchi.

Na si kwamba hakukuwa na dalili. Binti aliposhuka na kusikia tunazungumza usalama, alinionyesha simu yake: chini ya jina la mtandao wa nyumbani palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza yanayosema usalama ni dhaifu. Yapo hapo miezi, alisema, akidhani ni mambo ya wadukuzi na kwamba hayahusiani na kasi. Nani angedhani vingine?

Tukaanza kutafuta aliyeyafanya haya, na haikuchukua muda. Pembeni ya televisheni, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na printa ya umri wake. Mwaka uliopita Mwalimu alimwita kijana aiunge na waifai. Printa ikakataa, ikakataa, kijana akabadilisha hiki na kile, mwishowe ikakubali. Alichobadilisha ni usalama, akaushusha mpaka mahali ambapo printa inaelewa. GHz 5 aliizima, nadhani, kwa sababu simu ya zamani ya Mwalimu haiyaoni masafa hayo na mzee alikuwa anauliza kwa nini nyumba ina mitandao miwili. Simlaumu sana kijana yule. Aliitiwa printa na printa ilifanya kazi. Kosa lake ni kutopima kasi kabla na baada.

Nikaweka WPA2 yenye AES, ulinzi na usimbaji uliokuja baada ya ule wa zamani. Nikawasha GHz 5 na kuipa jina lake. Kwa upande wa GHz 2.4 nilifungua programu ya kuchungulia mawimbi kwenye simu, nikahesabu mitandao 17 kutoka kwenye kiti kile kimoja. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, na ng'ambo ya kichochoro kuna hoteli. Kumi kati yake ilikuwa imejazana chaneli ya 6, pamoja na ya Mwalimu. Chaneli za GHz 2.4 zimepangwa karibu karibu mno, moja ikiingia ndani ya nyingine; zisizogusana ni 1, 6 na 11. Anayejiona mjanja akakaa ya 3 kukimbia msongamano anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wao wanamsumbua. Nikahamia 11, upana MHz 20. Nikapima pale pale kwenye kiti: 48 kwa GHz 5, na 30 na kitu kwa GHz 2.4.

Mwalimu akapiga mstari chini ya 19 na kuandika 48. Akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu hii nimelipa hewa." Nikanyamaza, kwa sababu ndivyo.

Chumba cha juu kilikuwa bado. Kiko nyuma, upande wa pili wa ua wa ndani, na kutoka kwenye ruta mpaka pale mawimbi yanapita kuta mbili na sakafu. Repita ilikuwa imechomekwa kando ya kitanda cha binti. Nikapima nikiwa nimeketi kitandani: 3, 4, 2, na vijiti vyote vimejaa. Kisha nikafanya jambo lililomfanya Mwalimu avue miwani: nikaing'oa repita kwenye soketi, nikapima tena kwa kijiti kimoja kilichobaki. 7.

Vijiti havipimi intaneti. Vinapima jinsi simu inavyomsikia aliye karibu naye, na aliye karibu alikuwa repita, nusu mita tu. Repita yenyewe ndiyo iliyokuwa haisikii. Nilipopima nguvu ya ruta mahali ilipochomekwa nilipata -81, kwa kipimo cha dBm, ambacho namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi. Chini, pale kwenye kiti, ilikuwa -45. Vipimo hivi havipandi kwa kuongeza bali kwa kuzidisha: kila ukishuka 10, nguvu imegawanywa kwa kumi. Tofauti ya 36 maana yake chumba kile kinapata sehemu moja katika karibu elfu nne ya nguvu iliyopo sebuleni. Repita ilikuwa kama mtu aliyesimamishwa mwisho wa msikiti arudie hotuba kwa walio nje, na yeye mwenyewe haisikii. Atapaza sauti vizuri sana, lakini atasema nini? Juu ya hapo, repita za aina ile zina redio moja kwa masafa: pakiti inapokewa kwanza, halafu inatumwa upya kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili na kasi inakatika nusu hata pale inaposikia vizuri.

Mahali pa repita ni katikati ya njia, pale ambapo yenyewe bado inasikia. Niliihamishia kwenye ngazi, penye soketi ya taa ya ukutani, na chumbani ikaja 14. Ningeweza kuishia hapo na wengi wangeshukuru. Lakini pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi kwa milisekunde, ilikuwa inarukaruka, mara 8, mara 140, na mkutano wa video hauhitaji kasi kubwa kama unavyohitaji utulivu. Mbps 3 au 4 zinatosha ikiwa hazitetereki. Kwa hiyo waya wangu niliouwaza njiani ukapata kazi, ila kwa sababu nyingine na baada ya vipimo.

Katika nyumba hizi hutoboi ukuta unavyotaka. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kuna mamlaka ya hifadhi, na hata pasipokuwepo mamlaka, ukuta wa chokaa ukiutoboa vibaya unakumwagikia. Tulizunguka na tochi mpaka tukakuta tundu la bomba la maji la zamani lililokufa, linatoka nyuma ya kabati hadi uani. Waya ukapita humo, ukapanda na nguzo ya baraza, ukaingia juu kupitia kona ya dirisha. Mita 28, mwisho wa waya hizi ni 100, kwa hiyo hakuna wasiwasi. Nilichukua wa nje, mweusi, kwa sababu ule wa kijivu jua la uani linaupasua ganda ndani ya mwaka, na kabla ya dirisha niliuachia mshuko kidogo kama mkia, maji ya mvua yadondoke pale yasiufuate waya mpaka ndani.

Juu tuliweka ruta ya zamani ya Mwalimu, ile ya enzi za Mbps 20, iliyokuwa kwenye droo. Ruta ya zamani ukiichomeka tu hivi hivi inaleta vurugu, kwa sababu nyumba inakuwa na wagawaji anwani wawili. Niliipa anwani ya 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, na waya nikauchomeka kwenye tundu la LAN, la ndani ya nyumba, si lile la WAN la kupokea intaneti, lenye rangi tofauti. Chaneli nikampa 1, mbali na 11 ya chini. Usalama WPA2 na AES, nimekagua mara mbili.

Taa ya tundu ikawaka rangi ya chungwa. Ilipaswa kuwa kijani. Chungwa kwenye ruta ile ni kiungo cha Mbps 100 badala ya 1000, na kwa kifurushi cha 50 binti asingejua tofauti maisha yake yote. Niliitazama taa ile nikiwa nimeshakusanya vifaa. Nikafungua tena, nikaikata plagi, nikakuta waya wa kahawia haukufika mwisho. Nyaya ndogo nane zilizo ndani yake zote lazima ziguse ili upate 1000. Zikigusa nne tu unabaki na 100. Nikabana upya, kijani. Chumbani: 47.

Ningefurahi kisa kiishie hapo. Jumatano iliyofuata, saa tatu usiku, binti akanipigia: mkutano umeganda tena, kaka, na safari hii kijiti kimejaa kweli.

Nilimwomba afungue dirisha la amri kwenye laptopu na apige pingi mbili kwa wakati mmoja, moja kwa ruta ya chini, 192.168.1.1, na nyingine kwa 8.8.8.8, anwani iliyo nje kwenye intaneti, anisomee namba kwenye simu. Kwa ruta: 2, 3, 2, 2. Kwa nje: 780, 910, 640. Yaani ndani ya nyumba hakuna neno, foleni iko mlangoni. "Nani yupo nyumbani leo ambaye hakuwepo wiki iliyopita?" Akacheka. Mjomba wake alikuwa ameingia jana kutoka Muscat, harusini, na simu yake ilikuwa imetundikwa kwenye chaja sebuleni.

Simu ile ilikuwa inapandisha picha na video zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kifurushi cha Mwalimu kina 50 za kushusha lakini 10 tu za kupandisha, na simu moja ikizijaza hizo 10, kila kitu kingine kinapanga foleni ndani ya ruta, hata yale maombi madogo ya kufungua ukurasa. Ndiyo maana hata wanaotazama tu wanaona mtandao umekufa. Na hapa kuna kejeli yake: kwa mipangilio ya zamani na vipimo vile vya chini, tatizo hili lisingeonekana peke yake, lingezama ndani ya mengine. Kesho yake nilipita nikaiwekea ruta kikomo cha kupandisha, Mbps 8 kwa nyumba nzima, ili foleni isijengeke mlangoni, na mjomba akakubali simu yake ipandishe baada ya saa sita usiku. Pingi ya nje ikatulia kwenye thelathini na kitu.

Printa haikukubali WPA2, kama nilivyotarajia. Sasa imeungwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mezani, na Mwalimu hajanisamehe. Kila tukikutana kwa sala ya Ijumaa ananikumbusha kwamba zamani alikuwa anachapa akiwa kitandani. Repita aliirudisha Darajani, wakamkatalia, akampa shemeji yake wa Pemba, ambaye nimemwambia aichomeke nusu ya njia.

Mwezi wa Mei alinipigia tena, si kwa tatizo. Alikuwa amepiga hesabu kwenye daftari lile: mkutano wa binti, katuni za wajukuu, taarifa ya habari yake, vyote kwa pamoja havifiki 15. Amewaambia watoa huduma wamrudishe kwenye 20. Binti alipinga siku mbili, kisha akapima mwenyewe chumbani. Ilikuja 19.